Gharama Halisi ya Kusoma Chuo Dodoma: Namna ya Kuikokotoa na Kuipunguza

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka tu, simu zinaanza. "Kaka, ada ya UDOM ni shilingi ngapi?" "Mwanangu kapata Mipango, niandae kiasi gani?" Nafanya kazi ya stesheneri jirani na chuo, tunajaza fomu za watu kutwa, kwa hiyo swali hili nalisikia kila mwaka. Wengi wanataka kutajiwa ada peke yake. Ukiwatajia wanashusha pumzi. Halafu Januari mtoto anapiga simu nyumbani hana hela ya kula, na mzazi haelewi, maana ada alishalipa yote.

Mwongozo huu ni wako wewe unayekuja kusoma Dodoma, iwe Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), Chuo cha Mipango, St. John's, Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE), Chuo cha Madini au Serikali za Mitaa kule Hombolo. Ni wa mzazi pia. Kaeni pamoja muusome, kwa sababu hesabu inayofanywa na mmoja huku mwenzake hajui ndiyo inayovunja nyumba katikati ya muhula.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Maelekezo ya kujiunga ya chuo chako, ya mwaka huu. Ya kaka yako aliyeingia 2021 hayakufai.
- Mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kama ni shahada, au wa NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, kama ni cheti au stashahada. Angalia kama ada za kozi zimo humo.
- Cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na wakala wa usajili, RITA (kwa waliozaliwa Zanzibar ni ZCSRA). Kama mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho kihakikiwe.
- Namba ya NIDA, namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, na akaunti ya benki yenye majina yako kama yalivyo kwenye vyeti.
- Laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe.
- Daftari, kalamu na kikokotoo cha simu.
- Mtu mmoja anayesoma chuo hicho hivi sasa. Huyu ndiye atakayekwambia bei za kweli za chumba na sahani ya wali.

Jambo moja la haraka: kama unakwenda JKT kwa mujibu wa sheria, maliza kuhakiki vyeti kabla hujaripoti kambini. Dirisha la mikopo mara nyingi linakuwa wazi wakati vijana wako kambini, na mzazi hubaki anahangaika na karatasi asizozijua.

Hatua ya 1: Kokotoa miaka yote kwa pamoja

Usiandike mwaka wa kwanza tu. Shahada nyingi ni miaka 3, uhandisi 4, udaktari wa binadamu 5 na baada yake mwaka wa mafunzo kazini. Andika ada, michango ya chuo, chumba, chakula, nauli, vitabu, uchapaji na vifurushi, halafu vile vya mara moja kama laptopu, fildi (mafunzo kwa vitendo) na utafiti.

Nakupa mfano wa kufanyia zoezi. Tarakimu ni za mfano, weka zako. Tuseme ada ni 1,200,000 kwa mwaka. Chumba 50,000 kwa miezi 10, ni 500,000. Chakula 4,500 kwa siku, siku 240, ni 1,080,000. Nauli ya kila siku pamoja na ya kwenda nyumbani, 300,000. Bima ya afya ya NHIF ya mwanafunzi, ambayo kwa miaka mingi imekuwa 50,400, ada ya TCU ya kudhibiti ubora 20,000, na kitambulisho, serikali ya wanafunzi na mengineyo 49,600. Vitabu, uchapaji na vifurushi 250,000. Jumla ya mwaka ni 3,450,000.

Zidisha kwa 3: 10,350,000. Ongeza laptopu 600,000, fildi na utafiti 450,000. Umefika 11,400,000. Sasa angalia ada ya miaka yote mitatu: 3,600,000. Haifiki hata theluthi ya jumla. Kuishi ndiko kunakokula fedha, na kuishi ndiko unakoweza kukupunguza, maana ada hakuna mtu atakayekupunguzia dirishani.

*Angalizo:* watu wengi wanasahau michango midogo. Soma maelekezo ya kujiunga mpaka ukurasa wa mwisho, pamoja na fomu ya uchunguzi wa afya. Kama bado umo kwenye bima ya mzazi na kadi yako iko hai, ipeleke wakati wa usajili uulize, usije ukalipia bima mara mbili.

Hatua ya 2: Tenga fedha za bure na fedha za kukopa

Chora mistari miwili. Wa kwanza ni fedha usizorudisha: ufadhili, msaada wa ndugu, kanisa au msikiti. Wa pili ni mkopo wa Bodi ya Mikopo ya serikali. Gharama yako halisi ni jumla ya Hatua ya 1 ukitoa mstari wa kwanza peke yake. Mkopo haupunguzi gharama, unaihamisha iende siku utakapoanza kazi.

Uelewe unavyorudishwa. Mwajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Ukidaiwa 9,000,000 na mshahara wako ni 750,000, makato ni 112,500 kwa mwezi. Miezi 80, yaani miaka 6 na miezi 8. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliyokuwa inaufanya uvimbe kila mwaka iliondolewa 2021, kwa hiyo anayekwambia deni la Bodi haliishi anazungumzia mambo ya zamani. Kopa kama unahitaji. Wanafunzi wengi sana wasingesoma bila mkopo huo, na hakuna aibu yoyote ndani yake. Ila ujue unachosaini.

Kwa upande wa ufadhili, aliyefaulu sana masomo ya sayansi kidato cha sita asiache kufuatilia Samia Skolashipu, ulioanza mwaka wa masomo 2022/23 kwa kozi za sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati na tiba.

Hatua ya 3: Linganisha kozi na vyuo kabla ya kuthibitisha

Kozi ya jina moja inaweza kuwa na ada tofauti kabisa kati ya chuo cha umma na cha binafsi. Fanya hesabu ya Hatua ya 1 kwa kila chaguo ulilopata. Chuo chenye ada kubwa kidogo kilicho mtaa mmoja na shangazi yako kinaweza kukugharimu kidogo kuliko chuo cha ada nafuu utakakopanga chumba.

Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, unathibitisha kimoja tu, kwa namba ya siri unayotumiwa, na ndani ya muda uliotangazwa. Fanya hesabu kwanza ndipo uthibitishe. Kuhama baadaye kunawezekana, lakini uhamisho wa masomo na wa mkopo ni safari mbili, na katikati yake unaweza kukaa wiki nyingi bila fedha.

Hatua ya 4: Jaza fomu ya mkopo kama mtu anayejua atakaguliwa

Maombi hufanyika kwenye mfumo wa OLAMS wa Bodi ya Mikopo. Ada ya maombi imekuwa 30,000 na unailipa kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo wenyewe. Baada ya kujaza unachapa fomu, unapeleka serikali ya mtaa au kijiji, kwa kamishna wa viapo, kwa mdhamini, kisha kurasa zenye saini unazirudisha kwenye mfumo.

Hapa ndipo watu wanapoharibu, na nimeona machozi ya kweli mezani petu. Zingatia haya:

a) Tumia namba ile ile ya kidato cha nne uliyoombea chuo. Uliyefanya mtihani mara mbili, chagua moja ubaki nayo kote.

b) Majina yalingane. "Juma" kwenye cheti cha kuzaliwa na "Jumaa" kwenye cheti cha shule ni kikwazo. Shughulikia kwa wakili mapema, usingoje wiki ya mwisho.

c) Hali yako ithibitishwe kwa karatasi. Yatima aonyeshe cheti cha kifo kilichohakikiwa. Kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini iandikwe hivyo, pamoja na namba yake. Mwenye ulemavu, au aliye na mzazi mwenye ulemavu, awe na fomu iliyosainiwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Maneno matupu hayahesabiwi.

d) Usidanganye. Kumwandika baba mwalimu kuwa mkulima ni kosa la kisheria, na linaweza kukufuata baadaye.

e) Usimwachie mtu wa stesheneri nywila yako. Nasema hivi na mimi ndiyo kazi yangu: kaa pembeni, angalia kila kinachojazwa, ondoka na nywila yako kichwani.

Wanaosoma stashahada nao wasijitoe; tangu 2023/24 mikopo imefunguliwa kwa baadhi ya fani za kipaumbele. Angalia orodha ya fani kwenye mwongozo wa mwaka husika.

Hatua ya 5: Chumba

Hosteli ya chuo cha umma kwa kawaida ni nafuu kuliko mtaa. Omba mara dirisha likifunguliwa na ulipe haraka, kwa sababu nafasi isiyolipiwa hupewa mwingine.

Ukikosa, utapanga. Wa UDOM wengi wanaangukia Ng'ong'ona, Iyumbu au Makulu. Usiangalie kodi peke yake. Dodoma ni nchi kavu, mvua zake ni za msimu mmoja tu, na swali la kwanza kwa mwenye nyumba liwe maji: yanatoka siku ngapi kwa wiki, kuna tangi, nani analipa bili?

Tufanye mfano. Chumba A kiko jirani na chuo, 60,000, maji yamo ndani ya kodi. Chumba B kiko mbali, 35,000. Unaona umeokoa 25,000. Sasa weka nauli ya daladala 600 kwenda na 600 kurudi, siku 22: 26,400. Maji ya kununua, madumu 2 kwa siku kwa 500 kila moja: 30,000. Chumba B kimekuwa 91,400, na bado hujapanda boda usiku ukitoka kujisomea.

Ndiyo maana nawaambia vijana wapange wawili chumba A. Kila mmoja anatoa 30,000, na hapo hakuna chumba cha mbali kitakachoshindana nacho. Mchague mtu mnayefanana usafi na saa za kulala. Urafiki peke yake hautoshi.

Kuna gharama za kuingilia pia. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi 3 au 6 kwa mkupuo, na dalali anataka ya mwezi mmoja. Fika siku chache kabla ya usajili, fikia kwa ndugu au mwenyeji, tembea kwa miguu uulize nyumba hadi nyumba, na ya dalali itabaki mfukoni. Usitume fedha kwa simu kwa chumba ambacho hujakanyaga. Andikishianeni, na uandike usomaji wa mita ya LUKU kama mnachangia.

Hatua ya 6: Chakula

Kula kwa mama ntilie mara tatu kwa siku kunamaliza fedha bila wewe kujua zimeishia wapi. Kupiga pasi ndefu, mlo mmoja kwa siku, nako si kubana matumizi: kichwa hakishiki kitu, na vidonda vya tumbo vina bei yake. Katikati ya hayo mawili kuna kupika kwa kikundi.

Watu 3 au 4, mtungi mmoja wa gesi wa kilo 6, zamu ya kupika kwenye karatasi ukutani. Nunueni vya kukaa kwa mwezi: unga, mchele, maharage, mafuta. Hapa Kanda ya Kati tuna neema ambazo wageni hawazijui. Mafuta ya alizeti ya Dodoma na Singida yanauzwa kwenye mashine ndogo kwa lita. Mahindi ya Kibaigwa, kule Kongwa, yakinunuliwa kwa gunia baada ya mavuno, mkakoboa na kusaga wenyewe, yanashinda unga wa pakiti wa dukani. Mlenda na karanga ni chakula cha Wagogo tangu zamani, ni bei ndogo na kinashusha ugali vizuri. Mboga zifuateni soko la Majengo au Job Ndugai, si genge la getini.

Hosteli nyingi zinakataza kupika chumbani. Heshimu hilo, moto wa jiko la umeme umeshaunguza mabweni nchini. Kama unakaa hosteli, pika wikiendi kwa mwenzio wa mtaani, mchangie.

Mzazi mkulima, gunia la mahindi ulilomtengea mtoto lina thamani kuliko fedha ya mfukoni utakayomtumia Februari bei zikishapanda.

Hatua ya 7: Ligawe bumu siku ile ile

Fedha ya chakula na malazi ya Bodi, ambayo wanafunzi wanaiita bumu, ilipandishwa kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku mwaka 2022/23, na hutoka kwa mafungu. Tuseme umepata fungu la siku 60: 600,000. Fanya hivi kabla hujatoka benki:

1. Toa kodi ya miezi miwili, 100,000. Ipeleke kwa mwenye nyumba leo.
2. Toa 80,000 ya uchapaji, vifurushi na nauli.
3. Zimebaki 420,000. Usigawe kwa 60. Gawa kwa 75, kwa sababu fungu linalofuata linaweza kuchelewa. Unapata 5,600 kwa siku, yaani 39,200 kwa wiki.
4. Kila Jumatatu toa hiyo 39,200 tu. Nyingine ikae mahali ambapo kuitoa ni usumbufu: akaunti isiyo na kadi, au kwa mama.

*Angalizo:* wiki ya bumu kila kitu kinapanda, na wauza simu wanajaa getini. Manunuzi yoyote makubwa yasubiri wiki mbili. Kubeti usikuguse kabisa.

Hatua ya 8: Laptopu, vitabu na safari

Laptopu iliyotumika inatosha kwa kozi nyingi. Iwashe dukani, ichomoe kwenye umeme, ikae nusu saa kwa betri yake, jaribu kila kitufe, dai risiti na muda wa kurudisha. Kabla ya kununua kitabu au kuchapa kurasa 200, ingia maktaba. Vifurushi vipunguze kwa kupakua notsi zako ukiwa kwenye mtandao wa chuo.

Kwenda Dar, treni ya SGR imerahisisha tangu 2024; daraja la kawaida lilianza kwa 31,000. Kata tiketi mapema, likizo zinajaa.

Fildi, omba nafasi mkoa ambao una ndugu wa kufikia. Hilo moja linaokoa kodi ya miezi miwili.

Hatua ya 9: Linda mwaka wako

Hakuna punguzo lolote humu linalofikia gharama ya kurudia mwaka. Kwenye mfano wetu ni 3,450,000 nyingine, na mara nyingi unaumia kwenye mkopo pia, kwa kuwa Bodi inataka uvuke mwaka ndipo ikuendelezee. Ongeza mshahara wa mwaka mmoja ambao hutaupata. Kwa hiyo ukipata sapu, yaani mtihani wa marudio, usiende kutafuta kibarua likizo nzima. Ukiona somo linakushinda wiki ya 4, mwone mwalimu wiki ya 4. Kazi za ziada fanya, ila zile zisizogusa saa za vipindi.

Mambo yakikwama

*Usajili unafungwa na mkopo haujatoka.* Angalia SIPA, akaunti yako kwenye mfumo wa Bodi. Majina hutoka kwa awamu, kukosa awamu ya kwanza si kunyimwa. Nenda ofisi ya mikopo ya chuo na ofisi ya fedha, uombe kulipa ada kwa awamu. Vyuo vingi vinaruhusu. Omba kwa maandishi, ubaki na nakala.

*Nimepangiwa kidogo, au sikupata.* Dirisha la rufaa hufunguliwa baada ya upangaji. Rufaa nzuri inaleta ushahidi mpya: cheti ambacho hakikuwepo, barua ya ulemavu, namba ya TASAF. Kurudia maombi yale yale kwa maneno ya huruma hakusaidii.

*Mzazi amefariki nikiwa mwaka wa pili.* Pole sana. Hakiki cheti cha kifo RITA na uombe dirisha likifunguliwa. Wanaoendelea na masomo nao huruhusiwa kuomba. Wakati huo huo mwone mlezi wa wanafunzi, usisubiri mpaka ushindwe mtihani.

*Wenzangu wamepata bumu, mimi bado.* Mara nyingi ni matokeo hayajapelekwa Bodi, akaunti ya benki imekosewa tarakimu, au hukujitokeza kusaini au kuweka alama za vidole. Yote yanamalizwa kwa afisa mikopo wa chuo, na uende ana kwa ana.

*Nimeishiwa kabisa.* Waambie wenzako wa jiko leo, mle wote, utalipa kwa zamu za kupika. Usiingie kwenye kausha damu, yaani mikopo ya mtaani ya riba kubwa, wala programu za mikopo za kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza 69 zinazokopesha bila leseni. Na usimpe mtu kadi yako ya benki na namba ya siri kama dhamana. Kama umeshampa, nenda benki kesho asubuhi ukaifunge hiyo kadi na kuomba nyingine, kisha mkae na anayekudai mbele ya shahidi, mkubaliane deni lilipwe kidogo kidogo kwa maandishi.